Kiulize Kitabu Habari za Reli

Kuna ugonjwa unaowashika wasomaji wa vitabu vya siasa za dunia na historia, na mimi nimeuugua miaka mingi. Ukimaliza kitabu cha Walter Rodney unatembea mjini umemkasirikia mkoloni. Wiki mbili baadaye unafunga cha Daron Acemoglu na James Robinson, hasira imehamia kwa watawala wetu wenyewe. Unashika cha Paul Collier, unaishia kuitazama ramani ya Afrika kama mtu anayekitazama kiwanja alichouziwa bondeni wakati wa kiangazi. Kila mwandishi anakushinda ukiwa nyumbani kwake. Kijiweni wenzangu walishanizoea; nikianza kuongea tu, mmoja anauliza, "Wiki hii unamsoma nani?"

Swali lile lilinichoma kuliko alivyokusudia, maana lilikuwa la haki. Nilikuwa nasoma kama anayehudhuria mahubiri, naitikia amina kila jioni kwa mhubiri mwingine. Nikajaribu kulinganisha hoja kwa hoja, nikachora na jedwali, lakini sikufika mbali. Vitabu hivi vinafanana majalada na vinadai kujibu swali moja, yaani kwa nini nchi hizi ni maskini na zile ni tajiri. Ukivikalisha meza moja unagundua havijibishani. Kimoja kinaongelea karne ya 16, kingine miaka ya 1990, cha tatu mito na milima. Utaamuaje kati ya watu watatu wasiozungumzia jambo moja?

Kilichonisaidia ni reli. Nilichagua kitu kimoja ninachokijua, ambacho kila kitabu cha aina hii kinapaswa kuwa na la kusema juu yake, nikawa nakiuliza kila kitabu: nieleze hiki. Mvuvi angechagua samaki wa Ziwa Victoria na mkulima wa Kagera angechagua kahawa. Mimi nilichukua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kwa sababu nimeipanda daraja la tatu mara kadhaa, naujua ubaridi wa Makambako usiku dirisha linapogoma kufunga, na nimekula mihogo ya stesheni zake nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kwanza, reli yenyewe

Inaanzia Dar es Salaam, inapita eneo lililokuwa la Selous na bonde la Kilombero, inapanda milima kutoka Mlimba hadi Makambako, inaingia Mbeya, inavuka mpaka Tunduma na kuishia Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kilomita 1,860. Ujenzi ulianza mwaka 1970, njia ikakamilika mwaka 1975, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa rasmi. Fedha zilitoka China, mkopo wa yuani milioni 988 usio na riba, wakati China yenyewe ilikuwa nchi maskini. Gharama za ndani zililipwa kwa njia ambayo wazee wengi wanaikumbuka bila kujua kwamba ilikuwa njia ya kulipia reli: bidhaa za Kichina zilijazwa madukani Tanzania na Zambia, zikauzwa, na mapato yake yakalipa mishahara na mahitaji ya ujenzi. Yule aliyenunua chupa ya chai au baiskeli ya Kichina miaka ile alichangia daraja mahali fulani kati ya madaraja zaidi ya 300. Gongo la Mboto kuna makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofia huku.

Kwa nini ijengwe? Zambia ilikuwa inaishi kwa shaba, na shaba ile ilikuwa inatoka kwa kupitia kusini, kwenye reli ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), kwenda bandari za Msumbiji, au magharibi kupitia Angola. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao peke yao. Msumbiji na Angola zilikuwa bado za Wareno. Yaani rais wa nchi huru, Kenneth Kaunda, alikuwa anauza mali yake kwa kuomba njia kwa watu waliokuwa wanawakandamiza ndugu zake. Alihitaji mlango mwingine, na mlango ulikuwa Dar es Salaam.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Mwaka 1964 Benki ya Dunia iliona kwamba reli hiyo haitalipa. Mwaka 1966 wataalamu wengine, wa Uingereza na Kanada, wakaandika kwamba inawezekana. Milima ilikuwa ileile na shaba ileile. Tofauti ilikuwa katika swali. Mmoja aliuliza kama mzigo uliopo utalipa gharama wakati njia ya kusini ipo. Mwingine akauliza itakuwaje njia ya kusini isipokuwepo. Mwalimu Nyerere na Kaunda walikuwa na swali la tatu ambalo halikuwa la kihasibu hata kidogo, na China ndiyo iliyokubali kulijibu. Makubaliano yalitiwa saini Beijing mwaka 1967. Wamarekani, wasitake kuachwa nyuma, wakasaidia barabara ya lami inayofuata karibu njia hiyohiyo. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikuwa limeshafika Ndola mwaka 1968.

Baada ya hapo hadithi inakuwa na ukungu. Reli ilipoanza kazi, bei ya shaba ilikuwa imeporomoka. Vichwa vya treni vilishindwa na mlima. Bandari ya Dar es Salaam ilijaa mizigo. Oktoba 1978 Kaunda, shingo upande, alifungua tena njia ya kusini kwa sababu mbolea ilikuwa haifiki kwa wakulima. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haijawahi kuzifikia. Leo ukienda Tunduma utaona shaba imepanda malori, foleni inapotelea machoni.

Basi, hiki ndicho nilichowapelekea waandishi.

Dumaa na dumaza

Collier alikuwa rahisi kuliko wote. Kitabu chake cha mwaka 2007 kinahusu watu bilioni moja walioachwa nyuma kabisa, na kinataja mitego minne, mmoja wao ukiwa ni kukosa bahari huku majirani wako nao wakiwa hoi. Anailinganisha Uganda na Uswisi. Zote hazina bahari, lakini Uswisi imezungukwa na wateja matajiri, Uganda imezungukwa na wenye shida zao. Zambia ya mwaka 1965 ingefaa kuwa picha ya jalada. Kwa hiyo kitabu kinaieleza haja ya reli vizuri sana. Lakini ukisoma kwa utulivu unajikuta unauliza: ubaya wa jirani wa Zambia ulikuwa jiografia? Mto Zambezi haukumchagua Ian Smith. Neno "jirani" limefanya kazi kubwa kimyakimya. Limegeuza siasa kuwa hali ya hewa.

Rodney ni habari nyingine, na lazima nikiri upendeleo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1972, kimechapishwa na Tanzania Publishing House ya hapa Dar pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London, na yeye mwenyewe, Mguyana, alikuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Yaani wakati wahandisi wa Kichina wanatoboa milima ya Uzungwa, kilomita mia kadhaa pembeni kuna mtu anaandika kwa nini milima ile haikutobolewa mapema. Wengi wetu tulimjua kwa desa, yaani nakala ya kunakiliwa, lililofifia wino kabla hatujaona jalada.

Kichwa cha kitabu kile, How Europe Underdeveloped Africa, kina kitenzi kinachowasumbua Waingereza wenyewe, kwa sababu kinafanya kuchelewa kuendelea kuwe jambo ambalo mtu anamtendea mwenzake. Kiswahili hakisumbuki. Tuna kudumaa na tuna kudumaza. Mtoto amedumaa, hiyo ni hali. Mtoto amedumazwa, sasa unaangalia huku na huku kumtafuta aliyefanya. Nikikitafsiri kichwa kile nitasema: jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Na naamini nusu ya ugomvi wa vitabu vya maendeleo imekaa kwenye ile silabi moja. Collier anaandika habari za waliodumaa. Rodney anamtafuta mdumazaji.

Kuhusu reli Rodney ana hoja inayojulikana sana: njia za usafiri za mkoloni hazikujengwa ili Waafrika watembeleane, wala ili wauziane mazao, zote zilielekea baharini. Chukua ramani uhakikishe. Reli ya Tanga ilianza mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, katikati yake mashamba ya katani ya Wajerumani na manamba wao. Reli ya Kati ilitoka Dar mwaka 1905, Kigoma mwaka 1914. Zote mbili zinatoka bara kwenda pwani. Kati ya Tanga na Dar, miji miwili ya pwani yenye watu wanaooana, Wajerumani hawakuweka hata pau moja.

Ila hoja hii ukiisukuma kwenye Reli ya Uganda inaanza kutoa sauti. Ile ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, karibu 2,500 wakafa. Bunge la Uingereza lilitoa zaidi ya pauni milioni 5. Ilikuwa inafuata mali gani? Hapakuwa na shehena ya maana. Waingereza waliogopa dola nyingine isije ikashika chanzo cha Nile, kwa kuwa aliyeshika Nile ameshika Misri, na aliyeshika Misri ameshika njia ya Suez ya kwenda India. Reli ilijengwa kwa hofu. Baada ya kujengwa ndipo wakajiuliza italipwa na nani, na hapo wakatafutwa walowezi, kamishna Charles Eliot akawaita waje wachukue ardhi ya nyanda za juu, na Mwafrika akatozwa kodi ya kibanda ili atoke akafanye kazi kwenye mashamba hayo. Uchumi wa unyonyaji ulikuja kuilipia reli badala ya reli kuja kuuhudumia uchumi. Hitimisho la Rodney kuhusu walioumia linasimama palepale, lakini mpangilio wa sababu umepinduka, na kwa msomaji mpangilio ni kila kitu.

Nairobi ni mtoto wa ajali hiyo. Mwaka 1899 palikuwa ni mahali pa kupumzishia vifaa kabla ya kupanda Bonde la Ufa. Wachumi watatu waliochunguza reli na miji ya Kenya, utafiti wao ulichapishwa mwaka 2017, walikuta kwamba miji iliyoota kandokando ya reli ya mkoloni iliendelea kuwa mikubwa hata baada ya walowezi kuondoka na reli yenyewe kuzorota. Njia ikishachorwa, watu huendelea kuifuata hata pau zikiwa zimeng'olewa.

Na TAZARA? Hapa Rodney ananiacha njiani. Nayo inatoka kwenye shaba kwenda baharini. Ukiitazama kwa ramani pekee ni ya kikoloni kama ile ya Kigoma, tofauti yake ni kwamba iliombwa na Waafrika na ikaitwa Reli ya Uhuru. Jina linabadilisha nini? Nimekaa na swali hili muda mrefu. Kuna kitu kidogo kinachonisaidia, nacho ni upana wa njia. Reli za Wajerumani zina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina milimita 1,067, kipimo cha reli za kusini mwa Afrika, ili mabehewa ya Zambia yaweze kuja moja kwa moja. Kwa hiyo pale Dar es Salaam kuna reli mbili zilizoshindwa kushikana mikono kwa milimita 67, na pale Kidatu zinapokutana mzigo hulazimika kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Hata siku tuliyojenga kwa hiari yetu, tulijenga tukiwa tumeshapimiwa.

Acemoglu na Robinson, pamoja na Simon Johnson, walipewa Nobel ya uchumi mwaka 2024, na kitabu chao cha mwaka 2012 kinasema jambo ambalo ukilifupisha linakuwa hivi: tazama taasisi. Zipo zinazowapa wengi nafasi na zipo za kuwakamua wengi kwa faida ya wachache. Nacho kina reli. Sierra Leone ilikuwa na njia ya Waingereza kutoka Freetown kwenda kusini, kwenye kahawa na kakao, eneo la Wamende ambao hawakumpigia kura Siaka Stevens. Kwa maelezo yao, Stevens aliing'oa na kuuza pau na mabehewa, mapato yapotee kwa nchi nzima mradi wapinzani wake wasinufaike. Mfano huu ni mkali, na haumhitaji mkoloni ili uume. Nilipousoma nilifunga kitabu, nikazunguka nyumba.

Nikaupeleka mlimani Mlimba. Reli moja, serikali mbili, bodi moja. Nani anaamua nauli, nani ananunua kichwa cha treni kikiharibika, nani anamwajibisha nani? Taasisi zinaeleza mengi ya yaliyoipata TAZARA baada ya 1976, na msomaji mwenye haya hapaswi kuyakwepa kwa sababu tu yanatugusa. Lakini jaribu kuwauliza waandishi hawa kwa nini ilijengwa. Kimya. Wao wanaitazama nchi moja moja, kila nchi ndani ya ua wake. Mpaka wa Rhodesia unapofungwa Januari 1973, mbwa wamebweka nje ya ua.

Mwaka wa kuanzia

Baada ya mizunguko hii ndipo nikaona kitu ambacho, nadhani, kinafaa kuliko jedwali langu lote. Hukumu ya kitabu mara nyingi haiko kwenye sura ya mwisho. Iko kwenye mwaka ambao mwandishi ameamua kuanza kuhesabu, na mahali ambapo ramani yake inakatiwa.

Ianze TAZARA mwaka 1976. Utapata hadithi ya mashirika ya umma, vipuri na madeni, na mkosaji atakuwa meneja au waziri. Ianze mwaka 1965, mkosaji ni Ian Smith, na reli yenyewe ni kitendo cha ujasiri ambacho mapato yake hayakuwahi kukusudiwa kuonekana kwenye vitabu vya hesabu. Sasa rudi hadi 1889, mwaka ambao Uingereza iliipa kampuni ya Cecil Rhodes hati ya kutawala nchi zile. Reli ya kampuni ilifika Broken Hill, ambako leo ni Kabwe, mwaka 1906, ikitokea kusini. Ukianzia hapo unaona kwamba Zambia haikuzaliwa bila mlango. Ilijengewa mlango mmoja na ufunguo akaachiwa mwingine. Hadithi zote tatu zina ukweli. Hakuna mwandishi aliyedanganya. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mwaka wa kuanzia ndipo anaposhikia ngozi.

Siku hizi nikifungua kitabu cha aina hii natafuta kwanza tarehe ya zamani kuliko zote ndani ya sura mbili za mwanzo, naiandika kwa penseli kwenye ukurasa mtupu. Kisha najiuliza ingekuwaje kama angeanza miaka 30 kabla. Mchezo huu unachukua dakika 5 na umenifundisha zaidi ya dibaji nyingi.

Kuna ndugu wa swali hilo: kama jambo hili lisingekuwepo, kungekuwa na nini? Mwaka 1964 Robert Fogel, mwanahistoria wa uchumi wa Marekani, aliwaudhi watu wengi kwa kuuliza uchumi wa nchi yake ungekuwaje bila reli. Akapiga hesabu za mifereji na mikokoteni, akasema hasara isingezidi asilimia 5 ya pato la taifa la mwaka 1890. Waliozoea kuimba kwamba reli iliijenga Marekani walitaka kumla nyama. Unaweza kubishana na hesabu zake, lakini alilazimisha kila mtu aseme wazi mbadala anaoufikiria. Mtu akikwambia mkoloni alituletea reli, au akikwambia Wachina walitupotezea muda, mwulize swali la Fogel. Zambia bila TAZARA ingepitishia wapi mzigo wake mwaka 1975, mwaka ambao vita vya Angola vilifunga njia ya Benguela? Na kwa upande mwingine, ile barabara ya lami ingetosha? Maswali haya yana majibu ya tani na tarehe.

Tahadhari moja ya haraka kuhusu vitabu vya mambo mapya. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017 kwa mkopo wa China, gharama ikitajwa kuwa shilingi bilioni 327 za Kenya, na palepale rafu za maduka zikajaa maandiko juu ya mtego wa madeni. Sehemu za mikataba ya mkopo zilikuja kutolewa hadharani na serikali Novemba 2022. Yaani kwa miaka 5 watu walikuwa wanafafanua karatasi ambayo hawajaisoma, wengine kwa kujiamini ajabu. Angalia mwaka wa chapa, halafu jiulize siku ile mwandishi angeweza kujua nini.

Gunia la mpunga

Kuna kitabu kingine nilichokipata kwa kuchelewa, nilikikuta kwa muuza mitumba wa vitabu maeneo ya Posta, na yule bwana alinitoza kama anauza jino la tembo. Kimeandikwa na Jamie Monson, mwanahistoria wa Marekani, kikatoka mwaka 2009, na kinaihusu TAZARA tu. Ajabu yake ni kwamba shaba imekaa pembeni. Alikaa na watu wa bonde la Kilombero, na pamoja na kusikiliza wazee alipekua stakabadhi za vifurushi, yale makaratasi anayopewa mtu akipakia gunia lake kwenye treni ya abiria. Mpunga wa Mngeta, ndizi, mahindi, nani alimpelekea nani na lini.

Ukiisoma reli kupitia stakabadhi unaona kitu ambacho Benki ya Dunia mwaka 1964 haikukihesabu, Nyerere na Kaunda hawakukitangulizia hotuba, Rodney asingekitegemea kwenye njia inayoelekea baharini, na nadharia ya taasisi haina pa kukiweka. Watu walihamia kandokando ya njia, wengine kwa kusukumwa na operesheni ya vijiji, wengine kwa akili zao, wakafungua mashamba mahali ambapo treni inasimama. Mkulima aliyepata mafuriko bondeni akapata mahindi kutoka nyanda za juu siku mbili baadaye. Reli ya kimkakati, iliyoshindwa kazi ya kimkakati kwa vipimo vyake yenyewe, ilikuwa inalisha mikoa.

Sisemi kwamba kitabu cha chini ni cha kweli kuliko cha juu. Stakabadhi hazikwambii bei ya shaba London, wala hazielezi kwa nini treni imepungua. Msomaji wa Monson peke yake atadhani dunia inaishia Makambako. Lakini tangu nikisome nimepata tabia moja ambayo mke wangu anaiita uchokozi. Kabla ya kununua kitabu chochote kinachodai kueleza maendeleo ya Afrika naenda nyuma kabisa, kwenye faharasa, natafuta majina ya mahali. Si Dar es Salaam, si Nairobi; hayo yatakuwepo. Natafuta Mlimba, Voi, Tabora, Kasama. Kitabu chenye kurasa 500 juu ya bara letu kisicho na mahali padogo hata pamoja kinanifanya nishikilie pochi.

Wakati naandika haya shaba imerudi kuwa habari ya mjini, safari hii pamoja na kobalti ya Kongo, kwa sababu ya betri za magari ya umeme. Septemba 2024 marais Samia Suluhu Hassan na Hakainde Hichilema walikuwa Beijing na Xi Jinping kushuhudia hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Desemba mwaka huohuo Joe Biden alikwenda Angola, na moja ya yaliyompeleka ni njia ya Lobito, ambayo ni ileile reli ya Benguela iliyounganishwa na Kongo mwaka 1931. Dola mbili kubwa, migodi ileile, milango miwili ya zamani. Vitabu juu ya mashindano haya vinakuja, vingine vimeshafika, na majalada yake naweza kuyakisia: ramani ya Afrika, mishale miwili, rangi nyekundu na bluu.

Nitavisoma. Nitaanza nyuma, herufi M.